Lifti ya gari kwa gereji ya nyumbani

Lifti ya gari ni mashine inayonyanyua gari zima kutoka sakafuni ili mtu aweze kufanya kazi chini yake. Makala hii inahusu lifti zinazofungwa nyumbani, mahali penye nafasi ndogo, na mambo yanayoamua ni lifti ipi inafaa. Katika mazungumzo ya kila siku neno "gereji" humaanisha zaidi karakana ya mafundi. Hapa linatumika kwa chumba au banda la kuwekea gari nyumbani.

Lifti ni tofauti na jeki. Jeki hunyanyua kona au upande mmoja wa gari kwa muda mfupi, hasa ili kubadilisha tairi, na haikutengenezwa ili mtu aingie chini ya gari. Kubanwa na gari lililoteleza kutoka kwenye jeki, tofali au gogo ni ajali inayojulikana popote penye magari, na mara nyingi huua. Faida kubwa ya lifti, kabla hata ya kuokoa muda na mgongo, ni kwamba ina vifungio vya chuma vinavyobeba gari hata kama mafuta ya haidroliki yatavuja yote.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza lifti inabeba tani ngapi. Kwa gereji ya nyumbani swali hilo huwa jepesi, kwa sababu karibu lifti zote zinazouzwa kwa ajili ya magari madogo hubeba kati ya tani 2.5 na 4.5. Kinachokata shauri ni kimo cha dari, upana wa chumba na unene wa zege la sakafu. Afadhali kununua futi kamba kabla ya kufungua orodha ya bei.

Historia

Msingi wa lifti nyingi ni kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kanieneo inayotiwa kwenye kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya shinikizo la haidroliki linalotumia kanuni hiyo. Pistoni ndogo yenye eneo la sentimita mraba 1 ikisukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 10, pistoni kubwa yenye eneo la sentimita mraba 100 inaweza kuinua kilo 1,000. Malipo yake ni mwendo: pistoni ndogo ikienda sentimita 100, kubwa hupanda sentimita 1 tu. Ndiyo maana pampu ya lifti hunguruma muda mrefu wakati gari linapanda polepole.

Lifti ya kwanza ya haidroliki ya magari iliyouzwa kwa mafanikio inahusishwa na Peter Lunati wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani, ambaye mwaka 1925 alianzisha kampuni ya Rotary Lift. Inasemekana wazo lake lilitokana na kiti cha kinyozi kinachopanda na kuzunguka. Lifti za aina hiyo zilikuwa na silinda moja nene iliyozikwa ardhini, jambo lililodai kuchimba shimo refu chini ya sakafu. Baadaye zikaja lifti za nguzo zinazosimama juu ya sakafu, na hizo ndizo zilizofungua njia ya kuwa na lifti nyumbani.

Kupima nafasi

Kipimo cha kwanza ni kimo. Hesabu yake ni rahisi: toa kimo cha gari kwenye kimo cha dari, kisha toa tena sentimita 10 za usalama. Kinachobaki ndicho kimo cha juu kabisa ambacho matairi yanaweza kufikia.

Tuchukue chumba chenye dari ya mita 2.7 na Toyota Corolla ya saluni yenye kimo cha karibu mita 1.47. Inabaki mita 1.13. Mtu mzima hawezi kusimama chini ya gari lililoinuliwa hivyo, lakini anaweza kukaa kwenye kigoda na kumwaga oili, kubadilisha breki au kufungua ekzosi bila kulala chali. Kwa Toyota Prado yenye kimo cha mita 1.85 hivi, kinachobaki ni mita 0.75 tu. Ili fundi wa kimo cha kawaida asimame wima chini ya Corolla, matairi yanapaswa kufika mita 1.8 hivi, kwa hiyo dari iwe mita 3.4 au zaidi. Nyumba chache za kuishi zina dari ya namna hiyo.

Mambo kadhaa hula kimo bila mtu kutambua. Boneti au mlango wa nyuma ukiwa wazi huongeza kimo cha gari. Mlango wa gereji unaopanda na kulala chini ya dari huchukua nafasi yake, na reli zake pia. Taa, feni na boriti zinazoning'inia zipimwe vilevile. Wengine huondoa dari ya jipsamu au mbao ili kupata nafasi hadi kwenye kenchi. Hilo linawezekana, ila boriti ya chini ya kenchi isikatwe: ndiyo inayozuia kuta zisisukumwe nje na uzito wa paa.

Upana ni kipimo cha pili. Lifti ya kawaida ya nguzo mbili huchukua mita 3.4 hivi kutoka ukingo wa nje wa nguzo moja hadi mwingine, na mtu anahitaji angalau sentimita 60 kila upande ili apite. Chumba cha upana wa mita 4 ni kidogo kwake. Urefu husahaulika zaidi: gari likishaingia lazima ibaki nafasi ya kusimama mbele ya injini, na mlango wa gereji ufungike nyuma yake. Pikapu kama Toyota Hilux ya milango minne ina urefu wa zaidi ya mita 5.

Kabla ya kununua, ni vizuri kuchora alama za nguzo sakafuni kwa chaki, kuliingiza gari katikati yake na kufungua milango yote. Zoezi hili la dakika kumi hufichua makosa ambayo karatasi ya vipimo haionyeshi.

Sakafu

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na ndipo watu wengi hupuuza kwa sababu sakafu iliyosawazishwa vizuri huonekana imara hata kama ni nyembamba.

Lifti ya nguzo mbili haisukumi sakafu kwenda chini tu. Mikono yake hutokeza kuelekea ndani kulishika gari, kwa hiyo kila nguzo hutaka kuangukia ndani, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa. Kinachoizuia ni bolti za upande wa nje wa kitako, ambazo hung'ang'ania zege zising'oke. Makadirio yafuatayo yanaonyesha ukubwa wa nguvu hiyo. Gari la kilo 1,400 huweka kilo 700 kwenye kila nguzo. Ikiwa uzito huo uko sentimita 80 kutoka ukingo wa ndani wa kitako, na bolti za nje ziko sentimita 40 kutoka ukingo huohuo, basi bolti hizo huvutwa juu kwa nguvu ya 700 × 80 ÷ 40, yaani sawa na uzito wa kilo 1,400. Kila nguzo basi huvuta zege kana kwamba gari zima limefungwa kwenye bolti za upande mmoja.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hutaka zege lenye unene usiopungua sentimita 10, na kwa baadhi ya lifti sentimita 15 au 20, lenye nguvu ya mgandamizo ya megapaskali 20 au zaidi. Unene unaohesabiwa ni wa zege lenyewe. Mawe na kifusi vilivyo chini yake, lipu ya saruji na vigae vilivyo juu yake havimo. Sakafu ya chumba cha kuishi iliyogeuzwa kuwa gereji mara nyingi haifiki kipimo hicho. Njia pekee ya kuwa na hakika ni kutoboa tundu dogo mahali nguzo itakaposimama na kupima.

Sakafu isipofaa, hukatwa mraba mahali pa kila nguzo, au ukanda mmoja unaounganisha nguzo zote mbili, na kumwagwa zege jipya lenye nondo kwa vipimo vya mtengenezaji. Zege hilo linyweshewe maji na kuachwa siku 28 kabla ya kufunga bolti, kwani huo ndio muda ambao nguvu ya zege hupimwa kwa desturi ya uhandisi. Bolti zisiwekwe karibu na ufa, ukingo au maungio ya sakafu. Matofali ya kupanga uani, yaliyolazwa juu ya mchanga, hayawezi kushika bolti ya lifti hata kidogo.

Ikiwa nyumba ina chumba chini ya gereji, au mtu anapanga tu na mwenye nyumba hataki sakafu itobolewe, lifti ya nguzo mbili iachwe.

Aina za lifti

Lifti ya nguzo mbili ndiyo inayopendwa na mafundi kwa sababu huacha matairi yote yakining'inia na sehemu yote ya chini ikiwa wazi. Baadhi huwa na boriti ya juu inayounganisha nguzo na kupitisha kebo na mipira ya mafuta. Hizi hutaka dari ya mita 3.5 au zaidi. Nyingine hupitisha kebo sakafuni chini ya bamba la chuma, na nguzo zake huwa fupi, kama mita 2.8. Kwa nyumba, za bamba la chini ndizo zinazoweza kufikiriwa, ingawa bamba hilo huwakwaza watu na kusumbua jeki ya magurudumu. Katika lifti nyingine nguzo zimegeuzwa kidogo na mikono ya mbele ni mifupi kuliko ya nyuma. Gari husimama nyuma kidogo ya nguzo na milango hufunguka bila kugonga chuma. Hilo ni faida kubwa mahali pembamba.

Lifti ya nguzo nne hubeba gari kwa matairi yake juu ya njia mbili za chuma. Uzito hugawanyika kwenye vitako vinne na kusukuma chini zaidi kuliko kung'oa, kwa hiyo masharti yake ya sakafu ni mepesi na nyingi husimama bila bolti. Hutumiwa sana Marekani na Ulaya kuhifadhi gari moja juu ya jingine. Saluni mbili za kimo cha mita 1.47, pamoja na unene wa njia za chuma na nafasi ya usalama, zinahitaji dari ya mita 3.2 hivi. Udhaifu wake ni kwamba matairi hayaning'inii: mwenye kutaka kufungua breki lazima anunue pia jeki ya kati inayokaa juu ya njia hizo. Ina urefu wa karibu mita 5 bila vipandio, na haiondoki mahali pake kwa urahisi.

Lifti ya mkasi ina vyuma vinavyokunjuka kama mkasi chini ya gari. Ile ya kimo cha kati hufikia mita 1.2 hivi, kimo kinacholingana vizuri na dari ya mita 2.7. Ikishushwa hulala chini na gari huweza kupita juu yake. Kwa breki, matairi, springi na kazi za bodi ni chaguo zuri sana. Kasoro yake iko katikati: vyuma vya mkasi huziba sehemu ya chini ya gari, hivyo kushusha giaboksi au kubadilisha ekzosi nzima huwa taabu.

Fremu mbili za kubebeka ni aina mpya zaidi. Kila fremu hulazwa chini ya ubavu mmoja wa gari, zikaunganishwa kwa mipira na pampu ndogo. Huinua gari kama sentimita 50, zina vifungio vya chuma, huacha katikati wazi, na baada ya kazi huegemezwa ukutani. Mtu bado hufanya kazi akiwa amelala au amekaa chini, lakini gari lote liko juu kwa usawa na limefungwa. Kwa mpangaji, au kwa gereji ambayo pia ni stoo, hakuna aina inayofaa zaidi. Anayezidharau kwa ufupi wake akumbuke kwamba kazi nyingi za nyumbani ni oili, breki na matairi.

Zipo pia lifti za nguzo moja na vifaa vya kulaza gari ubavu, lakini matumizi yake nyumbani ni machache.

Uzito na mahali pa kushikia

Uzito unaoandikwa kwenye kibandiko cha lifti ni wa mikono yote kwa pamoja. Lifti ya mikono minne yenye uwezo wa tani 4 huruhusu tani 1 kwa kila mkono. Gari lenye injini mbele huwa zito mbele, na pikapu iliyobeba mzigo huwa kinyume chake. Corolla huwa na uzito wa kilo 1,100 hadi 1,300 hivi, wakati Land Cruiser 200 hukaribia au kupita kilo 2,600. Lifti ichaguliwe kwa gari zito zaidi litakaloingia, si kwa lile lililopo leo tu.

Saluni nyingi hazina chesisi ya kujitegemea. Hushikwa kwenye sehemu nne zilizoimarishwa chini ya vizingiti vya milango, zinazoonyeshwa kwenye kitabu cha gari. Ukishika pengine, bati hukunjika. Pikapu na magari kama Land Cruiser na Hilux hushikwa kwenye chesisi, na mara nyingi huhitaji vikalio virefu zaidi vya mikono. Magari ya umeme hubeba betri kubwa chini ya sakafu, na mkono wa lifti usiiguse kamwe.

Umeme

Mota ya lifti ya nguzo huwa na nguvu ya kilowati 2.2 hivi. Kwenye umeme wa kawaida wa majumbani Tanzania na Kenya, wa volti 230 hadi 240 na hezi 50, mota hiyo hula zaidi ya ampea 10 ikiwa kazini, na mara kadhaa ya hizo wakati wa kuwaka. Plagi ya ukutani ya ampea 13 si mahali pake. Ifungiwe waya wake wenyewe na saketi breka yake, na fundi umeme mwenye leseni.

Lifti za mitumba zinahitaji jicho kali zaidi. Nyingi zimetoka kwenye karakana na zina mota ya fezi tatu, wakati nyumba nyingi zina fezi moja. Iliyotoka Japani huenda ikawa ya fezi tatu za volti 200, na ikiunganishwa na volti 400 itaungua. Ya Marekani hutengenezwa kwa hezi 60, na kwa hezi 50 mota yake huzunguka polepole zaidi na kupata joto. Kibandiko cha mota kisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kebo zenye nyuzi zilizokatika, silinda inayovuja na kifungio kilichochongwa au kuungwa kwa kuchomelea ni sababu tosha za kuiacha.

Kukatika kwa umeme ni jambo jingine. Katika lifti nyingi gari lililokaa kwenye vifungio lazima liinuliwe kidogo kwanza ndipo vifungio viachie. Umeme ukikatika, gari hubaki juu salama, lakini halishuki mpaka umeme urudi, isipokuwa kama lifti ina pampu ya mkono. Asiye na gari lingine alifikirie hilo.

Shimo badala ya lifti

Katika Afrika ya Mashariki njia ya kale ya kufika chini ya gari ni shimo lililojengwa kwa matofali au zege, au daraja la zege lenye njia mbili zilizoinuka, kama zinavyoonekana kwenye gereji za kando ya barabara. Shimo halihitaji umeme wala dari ndefu. Upana wake wa sentimita 80 hivi huruhusu matairi ya gari dogo kupita pande zote mbili, na kina cha mita 1.5 humwezesha mtu kusimama.

Lakini shimo lina hatari zake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini, na cheche moja ya taa au spana hutosha kuuwasha. Moshi wa ekzosi nao hukusanyika humo. Watu na watoto hutumbukia, na wakati wa masika maji hujaa kama hakuna njia ya kuyatoa. Shimo la nyumbani liwe na mfuniko imara, ngazi, njia ya hewa, na taa isiyotoa cheche. Tena halinyanyui matairi, hivyo kwa kazi ya breki bado jeki na stendi zinahitajika.

Viwango na matumizi

Marekani, taasisi ya Automotive Lift Institute, iliyoanzishwa mwaka 1945, husimamia upimaji na uthibitishaji wa lifti, na zilizopita hubandikwa alama yake. Ulaya hutumia kiwango cha EN 1493. Alama hizo huigwa, kwa hiyo namba ya modeli ilinganishwe na orodha ya taasisi yenyewe.

Wakati wa kutumia, gari huinuliwa kwanza sentimita chache tu, kisha hutikiswa kwa mikono ili kuona kama limekaa sawa, na mikono yote ya lifti hukaguliwa upya. Likifika kimo kinachotakiwa hushushwa kidogo mpaka uzito ukae kwenye vifungio. Hakuna anayeingia chini kabla ya hapo. Kwenye lifti ya nguzo mbili, kutoa kitu kizito kama injini au ekseli ya nyuma huhamisha kitovu cha uzito, na gari linaweza kuinuka upande mmoja na kuanguka. Kabla ya kazi hiyo stendi ndefu huwekwa chini ya upande unaobaki mzito. Bolti za sakafuni hukazwa upya kwa kipimo cha mtengenezaji wiki chache baada ya kufungwa, na lifti nzima hukaguliwa na fundi wake angalau mara moja kwa mwaka. Bolti inayozunguka bila kukaza inaonyesha kwamba zege limeachia, na lifti hiyo haitumiki tena mpaka sakafu itengenezwe.